SOMO KWA WATUMISHI: Utunzaji wa Maneno ya Siri ya Afisi kwa Programu ya Kompyuta

Mtumishi wa Serikali anapohamishwa kituo hufanya makabidhiano. Funguo za bohari huhesabiwa, leja hukaguliwa, majalada huorodheshwa, na pande mbili hutia saini. Utaratibu huo ni wa miaka mingi na kila mtumishi anaujua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mali ya afisi haimo tena bohari wala kabatini. Imo ndani ya kompyuta, na funguo zake ni maneno ya siri. Mara nyingi funguo hizo hazihesabiwi, hazihifadhiwi mahali pa kuaminika, wala hazikabidhiwi.

Somo hili linaeleza namna wizara, shirika au kampuni yenye watumishi wengi inavyoweza kuyatunza maneno hayo kwa programu maalumu, na hatua za kufuata katika kuianzisha.

1. KASORO MBILI ZA NENO LA SIRI

Neno la siri huleta madhara kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvuja, yaani kujulikana na asiyehusika. Ya pili ni kupotea, yaani kukosekana kwa anayehusika. Watu wengi huiogopa ya kwanza na kuisahau ya pili.

Visiwa vya Hawaii, nchini Marekani, vilizionja zote mbili. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2 na dakika 7 asubuhi, simu za wananchi zilipokea tahadhari ya Serikali kwamba kombora linaelekea visiwani humo. Tahadhari hiyo ilitolewa kwa makosa. Ilipita dakika 38 kabla ya simu hizo kupelekewa ujumbe wa kuisahihisha. Gavana David Ige aliarifiwa mapema kwamba hapakuwa na kombora, lakini ujumbe wake katika mtandao wa Twitter ulichelewa kwa kiasi cha robo saa. Baadaye aliwaeleza waandishi wa habari kwamba hakuwa akiyajua maneno ya kuingilia katika akaunti yake. Katika siku hizo hizo ilionekana picha iliyopigwa Julai 2017 ndani ya afisi ya maafa ya visiwa hivyo, ikionesha karatasi yenye neno la siri iliyobandikwa kwenye kompyuta. Hivyo Serikali moja ilikuwa na neno lililokosekana kwa mwenyewe, na jingine lililosomeka na kila mtu.

Mfano mwingine ni wa mji wa San Francisco, mwaka 2008. Mhandisi mmoja wa mji huo alikuwa peke yake mwenye maneno ya siri ya mitambo mikuu ya mawasiliano. Alipohitilafiana na wakubwa wake alikataa kuyatoa, akatiwa ndani. Mawasiliano ya mji yaliendelea, lakini hakuna aliyeweza kuyasimamia, mpaka Meya Gavin Newsom alipokwenda mwenyewe gerezani kukabidhiwa maneno hayo. Kosa la mhandisi lilihukumiwa mahakamani. Kosa la afisi lilikuwa kuiacha mali ya umma ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

2. PROGRAMU INAVYOFANYA KAZI

Programu ya kutunzia maneno ya siri ni mfano wa kasiki. Maneno yote huwekwa ndani yake yakiwa yamegeuzwa kuwa maandishi ya fumbo yasiyosomeka. Kila mtumishi hufungua sehemu yake kwa neno moja tu, liitwalo neno kuu. Maneno mengine hana haja ya kuyakariri, kwani programu huyatunga yenyewe, marefu na yasiyofanana, na kuyajaza mahali panapohitajika.

Faida yake kubwa kwa afisi ni kwamba ruhusa hutolewa kwa cheo, si kwa urafiki. Mhasibu huona maneno ya mifumo ya malipo, na karani wa masjala huona ya masjala. Kila kasiki inapofunguliwa, programu huandika ni nani aliyefungua na saa ngapi, kama inavyofanya leja ya bohari.

3. HATUA ZA KUANZISHA

(a) Kuhesabu. Kabla ya kununua chochote, kila idara iandike mifumo yote inayoitumia, anayehusika na kila mmoja, na watu wanaouingia. Akaunti zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja zitiwe alama, kwa kuwa ndizo zenye hatari zaidi. Akaunti isiyo na mwenyewe ifungwe. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kusimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia kwa akaunti ya zamani, iliyokuwa haitumiki tena lakini haikufungwa, wala haikuwa na ulinzi zaidi ya neno la siri.

(b) Kuchagua. Ziko programu zinazohifadhi kasiki katika faili moja, kama KeePass iliyotolewa mwaka 2003. Hizo zinafaa kikundi kidogo. Afisi kubwa inahitaji programu yenye makundi, ruhusa na kumbukumbu za matumizi. Baadhi yake, kama Bitwarden, zinaweza kuwekwa katika kompyuta kuu za afisi yenyewe. Muuzaji aulizwe mambo matatu: Je, yeye mwenyewe anaweza kuyasoma maneno yaliyomo? Je, kazi imekaguliwa na wataalamu wa nje? Je, afisi ikitaka kuhama inaweza kuchukua vitu vyake vyote? Jawabu la swali la kwanza likiwa "ndiyo", programu hiyo iachwe.

(c) Kupanga ruhusa. Makundi yafuate muundo wa afisi. Kila mtu apewe kinachomtosha kwa kazi yake na si zaidi. Wasimamizi wa programu wasipungue wawili, ili ugonjwa au safari ya mmoja isifunge milango ya wote.

(d) Kujaribu. Programu ianze na kitengo kimoja kwa wiki chache. Hapo ndipo zitakapoonekana kasoro ambazo hazikuonekana katika karatasi.

(e) Kuhamisha. Neno linapoingizwa katika kasiki libadilishwe siku hiyo hiyo, kwani la zamani huenda limekwisha julikana. Kisha karatasi na madaftari yaliyokuwa na maneno ya zamani yaharibiwe. Afisi inayoanzisha kasiki na kuziacha karatasi ukutani haijafanya kitu.

(f) Kufundisha. Mafunzo yawafikie wote, wakianza wakuu. Mkuu anayemtuma karani amfungulie kompyuta kwa neno lake amelibatilisha somo zima.

4. NENO KUU

Kasiki ni imara kwa kadiri ya neno lake kuu. Desemba 2022 kampuni ya LastPass ilitangaza kwamba wezi walikuwa wamechukua nakala za kasiki za wateja wake. Maneno ya siri yaliyomo yalikuwa katika fumbo. Kwa hiyo usalama wa kila mteja ulibaki juu ya nguvu ya neno lake kuu. Aliyekuwa na neno jepesi ndiye aliyekuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Neno la herufi sita ndogo lina namna 308,915,776 tu za kuandikika, idadi ambayo kompyuta huweza kuimaliza upesi. Njia iliyo bora ni kuunganisha maneno kadhaa ya kawaida yaliyopatikana kwa bahati. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alitoa utaratibu wa kuyapata kwa kurusha dadu mara tano kwa kila neno, kutoka orodha ya maneno 7,776. Maneno matano ya aina hiyo yana namna zaidi ya bilioni 28 mara bilioni moja. Mfano ni "kikapu nahodha mvua sindano darasa", ingawa mfano uliokwisha chapishwa haufai tena kutumiwa. Jambo la lazima ni kwamba maneno yapatikane kwa dadu au kwa kura. Jina la mtoto, timu ya mpira au mwaka wa Mapinduzi ni vitu anavyovijaribu mwizi kabla ya vingine.

Juu ya neno kuu uwekwe uthibitisho wa hatua ya pili, kama namba ya muda inayotolewa na simu ya mtumishi. Ama desturi ya kuwalazimisha watumishi kubadili maneno kila baada ya miezi michache, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 iachwe, kwani huwafanya watu wabadili tarakimu ya mwisho tu. Neno libadilishwe pale inapodhaniwa kuwa limevuja.

5. SIKU YA DHARURA

Unguja haijasahau kukatika kwa umeme kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Afisi ya kisiwani haina budi kuuliza: umeme ukikatika au mtandao ukipotea, kasiki itafunguliwa vipi? Kwa hiyo nakala ya akiba, nayo ikiwa katika fumbo, ihifadhiwe katika jengo jengine, na ijaribiwe kufunguliwa mara kwa mara.

Pamoja na hayo, maneno machache ya lazima kabisa yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kuwekwa katika sefu inayofunguliwa na maofisa wawili kwa pamoja. Kila bahasha inapofunguliwa, sababu iandikwe na maneno yabadilishwe.

6. MAKABIDHIANO

Mtumishi anapohama, anapostaafu au anapofariki, ruhusa yake iondolewe siku hiyo, na maneno ya pamoja aliyokuwa akiyaona yabadilishwe. Hati ya makabidhiano iongezwe kifungu cha maneno ya siri, kitakachotaja mifumo iliyokabidhiwa bila kuyataja maneno yenyewe. Hapo mtumishi ataondoka salama, kwani likitokea la kutokea hatasingiziwa, na mwananchi atakayefika dirishani kesho yake hataambiwa asubiri mpaka mwenye neno arudi.

MASWALI YA KUZINGATIA

1. Je, iko akaunti katika afisi ambayo neno lake analijua mtu mmoja tu?
2. Je, liko neno linalojulikana na mtu aliyekwisha ondoka?
3. Umeme ukikatika kwa wiki moja, afisi itafungua nini na itashindwa kufungua nini?

Afisi isiyoweza kuyajibu maswali hayo ianze na hatua (a). Haihitaji fedha, bali kalamu, karatasi na watu wakweli.