Redio ya mkononi ya valvu: linda nyuzi kwanza, muziki baadaye

Ukirithi redio ya mkononi iliyotengenezwa kabla transista hazijaenea, usikimbilie kuiwasha. Ndani yake huwa mna valvu nne za kioo, kila moja karibu ukubwa wa kidole gumba na pini saba chini. Kampuni ya RCA ya Marekani iliuza redio ya aina hii, BP-10, mwaka 1940. Seti iliyozoeleka ni 1R5, 1T4, 1S5 na 3S4. Watengenezaji wa Ulaya waliziita DK91, DF91, DAF91 na DL92, lakini ni valvu zilezile.

Valvu hizi hudai umeme wa aina mbili. Nyuzi za ndani hupashwa moto kwa volti 1.5 tu, wakati anodi zinataka volti 67.5 au 90. Hapo ndipo balaa lilipo. Waya wa volti 90 ukigusa njia ya nyuzi hata kwa kufumba na kufumbua, valvu zote nne huungua pamoja. Kwa maoni yangu, nyingi zimeuawa na mikono yenye haraka kuliko uzee.

Basi anza na mita. Toa valvu, uzipime moja moja kati ya pini ya 1 na ya 7. Mita ikionyesha njia, uzi ni mzima. Tumia mita ya dijitali, kwa sababu baadhi ya mita za mshale hupitisha umeme mwingi mno kwa uzi wa miliampia 50. Wala usisubiri kuona mwanga redio ikiwaka: wekundu wa uzi huu ni hafifu mno, huonekana kwa shida hata gizani.

Kagua pia kapasita za karatasi, hasa ile inayopeleka sauti kutoka 1S5 kwenda gridi ya 3S4. Ikivuja, valvu ya mwisho hulemewa na betri hunyonywa upesi. Mimi huibadilisha bila hata kuipima. Mpya ni ya bei ndogo, valvu si ya bei ndogo.

Betri za zamani za volti 90 haziuzwi tena madukani, ila si tatizo. Unga betri kumi za volti 9 kwa mfululizo, upate 90; saba zinatoa 63, zinazotosha redio ya 67.5. Redio hunywa takriban miliampia 10, kwa hiyo zitadumu makumi ya saa. Kwa nyuzi tumia jiwe moja kubwa la tochi. Moja tu! Mawe mawili yakiungwa kwa mfululizo hutoa volti 3, na nyuzi zilizoungwa sambamba haziwezi kuzistahimili. Vifaa vya kupandisha volti navyo vipo, lakini vingi huongeza mikwaruzo kwenye sauti.

Unapojaribu mara ya kwanza, weka rezista ya ohmu 1,000 kwenye waya wa volti 90. Shoti ikitokea, umeme hautazidi miliampia 90, na nyuzi nne zilizo sambamba, zinazotumia jumla ya 250, zitapona. Na usishike waya huo kwa mkono mtupu, unapiga.

Ukinunua valvu ya kubadilishia, soma namba yake vizuri. 3V4 huingia bila shida kwenye soketi ya 3S4, lakini mpangilio wa pini zake ni tofauti: gridi itapokea volti za anodi. Mfululizo wa DK96, DF96, DAF96 na DL96, uliokuja baadaye, hutumia nusu ya umeme wa nyuzi. Usiuchanganye na ule wa 91 bila mchoro wa redio yako mkononi.

Usichomoe valvu redio ikiwa imewashwa. Na kama hutaisikiliza kwa wiki kadhaa, toa betri zote, maana zikivuja huila shaba ya viungio.