Msimbo Kando, Vilivyokompailiwa Kando

Bukavu tuna mabwawa ya Ruzizi karibu, lakini umeme wa SNEL bado unakatika, hata programu ya C++ ikiwa katikati ya kukompailiwa. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa informatiki: mlichoandika wenyewe kikae folda yake, na kinachozalishwa na kompaila kikae nyingine.

Kwa CMake toleo 3.13 (mwaka 2018) au jipya zaidi, ingia folda ya mradi uandike:

cmake -S . -B build
cmake --build build

Ukitaka pia toleo la kutafutia makosa, fungua folda ya pili, build-debug, kwa kuongeza -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug. Msimbo unabaki mmoja. Katika .gitignore andika build*/ ili Git isizibebe.

Umeme ukirudi, rudia amri ya pili. Faili zilizokamilika hazikompailiwi tena. Hapa pana mtego unaowapotezea vijana jioni nzima. Faili ya .o iliyokatizwa inaweza kubaki tupu, na kwa kuwa tarehe yake ni mpya kuliko ya msimbo, Make huiona imekamilika. Kisha wakati wa kuunganisha linatokea kosa kama "file truncated", nawe unaanza kukagua msimbo usio na kosa lolote. Futa faili hizo tupu:

find build -name '*.o' -size 0 -delete

Isiposaidia, futa build yote bila hofu. Ulichoandika hakimo humo.

Kutafuta ndani ya msimbo nako kunakuwa rahisi. git grep -n jina husoma faili zinazofuatiliwa na Git tu, kwa hiyo haikuletei takataka za build. Katika Vim, endesha ctags -R --exclude='build*', halafu Ctrl-] itakupeleka pale fanksheni ilipoandikwa na Ctrl-t itakurudisha. Yote haya hayali hata mega moja ya intaneti.

Mwenzako wa Bagira akihitaji mradi, usichome mega. Tumia git bundle create mradi.bundle --all, uweke faili hiyo moja kwenye flashi. Yeye ataandika git clone mradi.bundle na kupata historia yote. Folda ya build usimpe: CMakeCache.txt imehifadhi njia kamili ya folda za kompyuta yako, na kwake CMake itaikataa. Aanzishe yake.