Picha ya Mtu Yenye Sura ya Sinema: Anza kwa Kuzima Taa

Wengi wakisikia picha yenye sura ya sinema hukimbilia filta: uso wa rangi ya chungwa, kijani-bluu nyuma, na mistari miwili myeusi juu na chini. Hayo ni mapambo ya mwisho, na mara nyingi hayahitajiki. Picha hufanana na filamu pale mwanga unapotoka upande unaoeleweka na giza likaachwa makusudi. Katika The Godfather ya mwaka 1972, msimamizi wa kamera Gordon Willis alimulika kutoka juu kiasi kwamba macho ya mwigizaji Marlon Brando mara nyingi yalizama gizani. Mtazamaji akabaki akimtafuta mzee huyo usoni.

Tuseme jarida limekutuma Kariakoo kumpiga picha fundi cherehani aliyeshonea maharusi kwa miaka mingi. Duka ni chumba kimoja, mlango unatazama mtaani, tyubu inawaka darini.

Omba ruhusa, uizime hiyo tyubu. Mwanga wake humwagika kila kona na mara nyingi hutia ukijani usoni. Ikizimwa, mlango ndio unakuwa taa yako: mpana, laini, wa upande mmoja. Saa sita mchana, jua likiwa karibu na utosi na kuwatia watu wa nje vivuli vyeusi machoni, ndani ya mlango ule pana mwanga mzuri kabisa. Huna haja ya kungoja jioni. Na ukiingoja, ujue kwamba huku karibu na ikweta giza huingia upesi. Ile nuru ya dhahabu haitakusubiri ubadilishe lenzi.

Mweke fundi hatua moja au mbili ndani ya kizingiti, ubavu wake ukielekea mlangoni, kisha mwombe ageuze uso taratibu kuufuata mwanga. Tazama shavu la upande wa giza. Kuna mahali ambapo pembetatu ndogo ya mwanga hutokea chini ya jicho; wapiga picha huuita mwanga wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Ukiiona, mwambie abaki hapo. Kama sakafu ya saruji inarudisha mwanga kidevuni kutokea chini, tandika kitambaa cheusi.

Upande wa giza ukizidi weusi, msaidizi ashike shuka jeupe mkabala na mlango. Kuta nyeupe zikiua kivuli chote, fanya kinyume: tundika kitambaa cheusi upande ule. Mbinu hii ya pili husahaulika sana, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko taa yoyote utakayoazima. Ukilazimika kutumia taa ndogo, cheza na umbali. Ukiihamisha kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo tu.

Ngozi nyeusi inataka hesabu yake. Kipimo cha kamera hujaribu kuifanya kila picha iwe ya kijivu cha wastani. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe atageuka kivuli; mbele ya marobota ya suti nyeusi atapaushwa. Kwa hiyo pima usoni. Kwenye simu nyingi unabonyeza uso na kushikilia hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha unatelezesha kidole kupunguza mwanga kidogo. Usikimbilie poda pia. Ava Berkofsky, aliyesimamia kamera na mwanga katika tamthilia ya Marekani ya Insecure, alieleza kuwa hupenda ngozi za waigizaji zipakwe mafuta ili ziakisi mwanga. Ule mng'ao ndio unaochora mfupa wa shavu.

Mandhari ya nyuma unayo tayari. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua, na miongoni mwa mapazia yake ya nyuma lilikuwamo shuka la kitanda chake mwenyewe. Wewe una marobota ya vitenge, cherehani, tepu ya kupimia shingoni. Usivifute vyote kwa ukungu wa f/1.4 kwa sababu tu lenzi inaweza. Msomaji anataka kujua huyu ni nani na anafanya nini. Lenzi ya milimita 35 na f/4 zitaonyesha duka. Milimita 85 itabaki na uso. Kwa simu, rudi nyuma na utumie 2x, maana lenzi ya kawaida ikisogezwa karibu huikuza pua.

Weka mizani ya rangi kwenye Kelvini 5500. Kama kuna balbu ya manjano pembeni, iache iwake. Itatoka ya chungwa nyuma ya uso wenye rangi halisi, na filta ya kununua utakuwa huihitaji.

Fremu pana za sinema, 2.39 kwa 1, zinavutia kwenye skrini, lakini ukurasa wa jarida umesimama. Piga za kulala na za kusimama, uache nafasi tupu kwa kichwa cha habari. Picha ya kurasa mbili isiwe na uso katikati: mkunjo utaupasua.

Kuhusu mtu mwenyewe, anza na shikamoo na uketi kidogo kabla ya kutoa kamera. Usimwamuru mzee atabasamu. Mwombe atie uzi kwenye sindano, au akunje upindo, halafu umwite kwa upole, "Mzee, hebu nitazame." Sekunde ile anapoinua macho huwa na thamani kuliko mikao ishirini ya kupangwa.

Katika kuhariri, shusha mwanga wa pembe, punguza rangi zinazopiga kelele, basi. Picha ya habari haiongezwi wala kupunguzwa kitu kilichokuwapo dukani.

Ruhusa ya jarida si ruhusa ya tangazo la biashara. Ikija kazi hiyo, rudi ukaombe upya kwa maandishi. Kabla ya kuondoka mwombe aliandike jina lake mwenyewe kwenye daftari lako, uongeze kazi, mtaa na tarehe, maana mhariri atayauliza hayo kabla hajaifungua picha.