Maji ya Chini ya Godoro

Mwaka 1968, mjini Winnipeg, Kanada, Ray Olecko alianza kutengeneza trela ndogo ya kusafiria iliyoitwa Boler. Kabla ya hapo alikuwa amebuni tangi la maji machafu la faibaglasi, na ukiitazama trela yenyewe unaona ufundi ule ule: maganda mawili, la juu na la chini, yameunganishwa kiunoni. Urefu wake ni karibu mita 4 pamoja na mkono wa kukokotea, na uzito wake ikiwa tupu ni kilo 400 hivi, kwa hiyo hata gari dogo la familia liliivuta. Humo ndani walitarajiwa kulala watu wanne.

Tuanze na rula. Mtu wa mita 1.75 akilala chali, nyayo hunyooka na mto hukitenga kichwa na ukuta, basi anahitaji godoro la karibu mita 1.90. Upana wa ndani wa trela hii haupiti hapo kwa mbali, kwa hiyo kitanda kikubwa kimelazwa kukingama, mwisho kabisa nyuma, chini ya dirisha. Mchana mahali hapo pana meza na mabenchi mawili. Jioni meza inashushwa hadi ilingane na mabenchi, matakia ya kuegemea yanajazwa katikati, na hapo panapatikana kitanda cha mita 1.93 kwa 1.37 hivi. Mbele kuna benchi lingine ambalo egemeo lake hunyanyuliwa likawa kitanda cha juu, dabodeka ya watoto. Mtu wa mita 1.90 atalala mshazari, na mwenzake atajua. Aliyelala upande wa dirisha akibanwa na haja usiku, hana budi kumpanda mwenzake ili atoke. Hilo sayansi haina dawa yake.

Mambo ya rula yanaonekana kwa macho, ndiyo maana wapangaji wengi huishia hapo. Lakini walalaji nao wana kazi wanayoifanya usiku kucha bila kujua. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80, hewa ukaa lita 12 hivi kila saa, na maji. Kwa pumzi na kwa ngozi, maji hayo ni kama gramu 40 kwa saa, yakiwa mvuke. Katika chumba cha nyumbani chenye mita za ujazo 30 na mlango usiobana vizuri, hakuna anayeyaona. Ndani ya trela ya aina hii, hewa yote iliyopo ni mita za ujazo 9 hivi.

Hewa ina kikomo cha mvuke inaoweza kubeba, na kikomo hicho hushuka kadiri inavyopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 18 hubeba gramu 15.4 tu za mvuke. Kwa nyuzi 5 haifiki gramu 7. Sasa tupige hesabu. Mita 9 za ujazo kwa nyuzi 18 zitabeba gramu 139 kwa ukomo wake. Wakati wa kulala, hewa ile tayari ina asilimia 60 ya kiasi hicho, yaani gramu 83. Imebaki nafasi ya gramu 56. Watu wawili wanatoa gramu 80 kwa saa. Kama kila dirisha limefungwa, nafasi hiyo inajaa baada ya dakika 40 hivi, na usiku bado ni mchanga. Kwa kweli maji huanza kuonekana mapema zaidi, kwa sababu kioo na kuta ni baridi kuliko hewa ya katikati, na hewa inayogusa kioo hupoa na kuuachilia mvuke wake papo hapo.

Maji ya kwenye kioo hayana madhara makubwa. Unayaona, unayafuta. Ya kuogopwa ni yale yasiyoonekana, chini ya godoro. Godoro la sponji la sentimita 10 linazuia joto vizuri mno: juu yake kuna mwili wa nyuzi 30 na zaidi, chini yake ubao wa plaiwudi ambao kwa upande wa pili unatazamana na hewa baridi ya sanduku la mizigo. Kati ya sponji na ubao, sponji ndiyo kizuizi kikubwa zaidi, kwa hiyo karibu tofauti yote ya joto inaishia ndani yake, na uso wa ubao unabaki na baridi karibu sawa na ya nje. Ila sponji hiyo hiyo inayozuia joto haizuii mvuke. Mvuke wa mwili unateremka kupitia matundu yake, unakutana na ubao wa nyuzi 7 au 8, na hapo unageuka maji. Ukiinua godoro asubuhi utakuta alama ya unyevu yenye umbo la mabega na nyonga. Ukiliacha hivyo kwa wiki mbili, utakuta madoa meusi ya kuvu.

Watu hukimbilia kununua godoro nene zaidi. Hilo linaongeza tatizo, maana sponji nene huufanya ubao uwe baridi zaidi. Kinachosaidia ni kuuondoa ubao mzima na kuweka chaga zenye nafasi kati yake, kisha kutoboa matundu kwenye ubavu wa sanduku la chini ili hewa ipite. Mvuke ukishuka ukute hewa inayotembea, uende nayo. Kwa hiyo nguo na mablanketi yasishindiliwe humo mpaka yaguse chaga, la sivyo umeurudisha ubao kwa jina jingine.

Hewa inayotembea itoke wapi, ikiwa nje kuna ukungu na nyuzi 5? Hapa wengi hufunga madirisha, wakidhani hewa ya ukungu italeta unyevu ndani. Hesabu inakataa. Hewa ya nje, hata ikiwa imeshiba, ina gramu 7 tu kwa mita ya ujazo. Ikiingia na kupata joto la nyuzi 18, inageuka kuwa hewa kavu yenye nafasi tele. Tukitaka ndani pasizidi asilimia 75, kila mita ya ujazo inayoingia itatoka na karibu gramu 5 za ziada. Kuondoa gramu 80 kwa saa kunahitaji mita za ujazo 16 au 17 kwa saa, yaani hewa yote ya trela ibadilike karibu mara mbili. Tundu la dari likiachwa wazi kidogo, na dirisha la chini upande wa pili likiwa na mwanya wa vidole viwili, kiasi hicho hupatikana kwa urahisi. Tundu moja peke yake halitoshi, kwani hewa haitoki pasipo na pa kuingilia. Gharama ya joto ni kama wati 75, na wale wawili wanatoa takriban wati 150. Wanalipa nusu ya joto la miili yao wakapata kitanda kikavu, na hewa ukaa nayo inatolewa kwa safari hiyo hiyo.

Jiko la gesi lisitumike kupasha joto wakati wa kulala, hata kwa nusu saa. Kengele ya gesi ya kupikia huwekwa karibu na sakafu, kwa kuwa propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Kengele ya kaboni monoksidi huweza kukaa usawa wa kitanda, maana uzito wake unakaribiana na wa hewa, na panapohusika ni pale pua ilipo.

Limebaki suala la uzito. Trela ya ekseli moja ni mzani. Tuseme imepakiwa hadi kilo 500, na kilo 50 kati yake zinakaa kwenye kiungo cha mbele, mita 2.5 kutoka ekseli: 50 mara 2.5 ni 125. Imeachanishwa na gari, na miguu ya nyuma haijashushwa. Watu wawili wa kilo 75 kila mmoja wakilala, wastani wa mita 0.7 nyuma ya ekseli, wanapata 105. Pua ya trela inabaki chini, kwa shida. Wakiketi wote wawili chini ya dirisha la nyuma, mita 1.2 kutoka ekseli, wanapata 180, na pua inapanda. Kwa hiyo jeki za nyuma hushushwa kwanza, kabla hata meza haijaguswa, na watoto wa dabodeka ya mbele wanatangulia kupanda.