Usibaki peke yako, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Matombo, ujumbe wako nimeusoma. Una miaka 16, uko kidato cha tatu, hujaona siku zako miezi miwili, na shoga yako anamjua muuza dawa mjini Morogoro wa kukumalizia kimya kimya. Unauliza kama sheria inataka baba ajue.

Marekani, majimbo mengi yana sheria ya namna hiyo: mzazi aridhie au apewe taarifa. Kesi ya Bellotti na Baird mwaka 1979 ilitaka binti anayemwogopa mzazi aweze kwenda kwa jaji. Kwetu swali hilo halifiki hata mezani, maana kutoa mimba kwenyewe ni kosa. Kanuni ya Adhabu inasema hadi miaka 14 kwa anayekutoa na hadi 7 kwako wewe, baba aridhie asiridhie. Kinachoachwa ni upasuaji wa kuokoa maisha ya mama, kifungu cha 230.

Kwa hiyo sikulazimishi uanze na baba, hasa kama ana mkono mwepesi. Lakini wewe si Mluguru? Ukoo wenu unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yako. Pima kwanza zahanati, kisha mwendee bibi mzaa mama. Yeye atajua namna ya kumfikia mjomba, na mjomba atazungumza na baba. (Najua, wapo wajomba wakali kuliko baba. Basi mwalimu unayemwamini, au piga 116, simu ya mtoto, ni bure.)

Yule muuza dawa mwache. Hajui mimba ina ukubwa gani, na damu ikifunguka usiku huko milimani hatakuwepo kukutafutia bodaboda. Na kama kuna anayesoma hapa ambaye ameshameza: damu nyingi isiyokatika, homa, tumbo kukaza, uchafu unaonuka, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa sasa hivi, usingoje kukuche. Mimba iliyoharibika hutibiwa katika hospitali za serikali. Usife kwa kuogopa kuulizwa.

Shule haijaisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi darasani.

Sasa nanyi akina mama na wajomba, maana najua mnasoma. Mwanamume aliyempa mimba binti wa miaka 16 asiye mkewe amebaka kisheria, hata kama binti alikubali, na kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Msikae naye barazani mkapokea mbuzi na fedha. Mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Na binti akija kuwaambia, msimpige. Mkimpiga huyu, mdogo wake hatakuja kwenu. Atakwenda kwa muuza dawa.