Paka Mzee na Bakuli Lake la Maji

Msicheke mkiona habari za paka katika ukurasa huu wa masomo. Paka ninayemtaja ni wa stoo ya shule, aliyelinda magunia yetu ya unga na maharagwe kwa miaka 13. Muhula uliopita alianza kunywa maji mengi mno, akawa anakojoa hata kando ya magunia. Sisi wa zamu ya usafi tulikasirika. Nami, nasema kweli, ndimi niliyeliondoa bakuli lake, nikidhani kuwa asiyekunywa hatakojoa. Siku ya pili alikuwa amelala tu, hataki kula, anatapika povu.

Daktari wa mifugo alipofika aliivuta kidogo ngozi ya shingo ya paka, akaiachilia, haikurudi upesi. "Amekaukiwa," alisema. Mara akaagiza maji, kisha akachukua damu na mkojo kwenda kuvipima. Ikaonekana mafigo yameharibika.

Figo moja la paka lina vichujio vidogo sana, karibu 200,000. Kazi yao ni kuondoa taka katika damu, na kuyarudisha mwilini maji yafaayo. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu, ndiyo maana akiwa mzima hunywa kidogo na mkojo wake ni mkali. Vichujio vikifa havioti tena. Vinavyobaki hubeba mzigo wa vyote, basi ugonjwa hujificha. Mara nyingi dalili hazionekani mpaka theluthi mbili ya nguvu ya mafigo imekwisha potea. Hapo maji hayarudishwi tena, mkojo hutoka mwingi na mwepesi, na mnyama hana budi kunywa ili alipe yaliyotoka. Mimi nilidhani kunywa ndiko kuletako mkojo, kumbe mkojo ndio uletao kiu!

Sasa ana mabakuli matatu, nayo hubadilishwa asubuhi na jioni. Maziwa hayashiki mahali pa maji. Dagaa wakavu tumewaacha, kwa kuwa mifupa yao ina fosforasi nyingi, ambayo mafigo mabovu hayawezi kuitoa. Hupewa samaki mbichi aliyechemshwa bila chumvi, ametolewa mifupa, pamoja na mchuzi wake. Kuna chakula maalum cha paka wa namna hii, lakini bei yake si ya stoo yetu. Nyama hatukumkatia kabisa, maana paka hawezi kuishi kwa ugali. Na siku asipotaka kula, chochote atakachokubali ni afadhali kuliko njaa. Mpishi amefundishwa kumtia maji ya chumvi ya hospitali chini ya ngozi ya bega kwa sindano, kwa kipimo cha daktari.

Jambo moja la hatari: kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kumwua paka. Usimpe dawa yako, hata kwa huruma.

Ugonjwa huu haupoi. Kila Jumamosi twampima kwa mizani ya stoo. Juzi alikuwa kilo 3 na robo, naye zamani alifika 4. Lakini anakula, na wiki hii ameua panya mmoja. Magunia tumeyainua juu ya mbao, na pembeni pana sanduku la mchanga. Zamu ya kuubadilisha mchanga huo niliiomba mwenyewe.