Jirani Akishindwa Kulipa: Maswali na Majibu Kuhusu Kukopeshana na Akiba Isiyokatwa Kodi Rungwe

Nasikia Ulaya mtu wa kawaida anakopesha watu asiowajua kupitia mtandao, na faida yake haikatwi kodi. Hapa Tukuyu inawezekana?

Kwa sura hiyo, haiwezekani. Mtindo huo ulianzia Uingereza mwaka 2005, pale kampuni ya Zopa ilipoanza kuwakutanisha wenye akiba na wakopaji bila benki kukaa katikati. Kuanzia Aprili 2016 serikali ya huko iliruhusu mikopo ya aina hiyo iwekwe ndani ya akaunti maalumu za akiba, zinazoitwa ISA, ambazo faida yake haitozwi kodi. Tanzania haina akaunti ya namna hiyo. Sheria yetu ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne: benki ndogo zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Anayekopesha kama biashara, hata akiwa mtu mmoja, anaangukia daraja la pili. Anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu na mtaji usiopungua shilingi 20,000,000, na riba yake haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Wengi wanakopesha bila kutimiza hayo, kuanzia wale wa "kausha damu" wanaozunguka sokoni hadi wale wa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Hata hivyo, kukopeshana bila benki si jambo geni Rungwe. Anayenunua hisa kila wiki kwenye kikoba cha Katumba, Kiwira au Ushirika tayari ni mkopeshaji: fedha yake inachukuliwa na mwenzake, inarudi na riba, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Tofauti na Zopa ni kwamba hapa mkopaji ana uso na jina. Tofauti hiyo ina uzuri wake, na ina hatari yake pia.

Kikoba chetu kinatoza riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Benki inanipa asilimia 8 kwa mwaka na bado inakata kodi. Kwa nini nisiweke kila kitu kwenye kikoba?

Tupige hesabu, maana swali hili linajibiwa na kalamu. Chukua kikundi cha mfano cha watu 25, kila mmoja ananunua hisa za shilingi 10,000 kwa wiki kwa wiki 50. Mwisho wa mzunguko kila mmoja ana 500,000, na kikundi kina 12,500,000. Kwa kuwa fedha inaingia kidogo kidogo, wastani wa kilichomo kwenye mzunguko kwa mwaka ni nusu, yaani 6,250,000. Yote ikikopeshwa muda wote kwa asilimia 5 kwa mwezi, riba inafika 3,750,000, sawa na 150,000 kwa kila mwanachama. Mtu huyohuyo angepeleka 10,000 zake benki kila wiki kwa asilimia 8 kwa mwaka, angepata riba ya 20,000 hivi. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, anabaki na 18,000. Kwa hesabu hiyo kikoba kimeishinda benki mara nane, na anayekusifia kikoba hadanganyi.

Ila tuulize hiyo 3,750,000 imetoka wapi. Hakuna mtu wa nje aliyeileta. Imelipwa na wanachama wenyewe, hasa wale waliokopa sana, na imeingia mifukoni mwa wale waliokopa kidogo. Aliyekopa akanunua mikungu ya ndizi Kiwira, akaipandisha gari, akauza kwa faida inayozidi riba, hana cha kulalamika. Aliyekopa kulipia ada ya shule au msiba amehamisha tu sehemu ya akiba yake kwenda kwa jirani. Kwa hiyo "faida" ya kikoba ni halali pale tu mikopo inapozaa kitu nje ya kikoba. Mweka hazina anayejigamba kwa gawio kubwa aulizwe pia ni nani waliolipa na wamebaki na hali gani.

Sasa weka hasara kwenye hesabu. Vikundi vingi huruhusu mkopo wa hadi mara tatu ya hisa. Mwanachama mmoja mwenye hisa za 500,000 akichukua 1,500,000 na asirudishe hata senti, wenzake 24 watagawana 614,000 na ushee kila mmoja badala ya 650,000. Inauma, lakini inavumilika. Wakishindwa watano wa namna hiyo, wale 20 waliobaki wanapata 437,500 kila mmoja: riba yote imeliwa, na sehemu ya hisa nayo imekwenda. Linganisha na kodi tuliyokuwa tunailalamikia benki, ambayo kwa mtu huyu ni shilingi 2,000 kwa mwaka mzima. Mweka akiba mdogo anayekimbia kodi ya 2,000 na kuingia mahali ambapo anaweza kupoteza 60,000 ya hisa zake mwenyewe amechagua adui asiye wa maana.

Lakini sisi tunafahamiana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na mtu akikawia tunamfuata nyumbani. Wataanguka vipi watano kwa pamoja?

Hoja hii ina nguvu, na ndiyo iliyovifikisha vikundi hivi mbali tangu utaratibu wa aina hii ulipobuniwa Maradi, Niger, mwaka 1991. Kufuli tatu zinamzuia mwizi. Kufahamiana kunamzuia tapeli. Shida ni kwamba mikopo mingi haipotei kwa wizi wala utapeli, inapotea kwa sababu mtu mwaminifu hana fedha siku hiyo. Na Rungwe, siku ambayo mtu mwaminifu hana fedha ni siku ambayo jirani yake naye hana.

Angalia kipato cha kijiji kinachouza majani mabichi ya chai. Malipo yanatoka kiwandani. Kiwanda kikichelewa kulipa, hakichelewi kwa kaya moja, kinachelewa kwa mstari mzima wa mashamba, na duka linalokopesha sukari kwenye mstari huo linakauka wiki hiyohiyo. Ndizi zinavunwa mwaka mzima, lakini barabara za vijijini zikigeuka tope wakati wa mvua nyingi, na Tukuyu mvua ni nyingi kweli, malori hayafiki na bei ya shambani inaanguka kwa kila mwenye mgomba. Maparachichi ya Hass ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mche unachukua kama miaka 3 kuanza kuzaa, soko kubwa liko ng'ambo, na wanunuzi wakubwa ni wachache. Msimu ambao mnunuzi anachelewa, matunda yanakomaa kwa wote kwa pamoja. Katika kikundi cha watu 25 wa kitongoji kimoja, watano kushindwa kwa mara moja si ajali ya ajabu. Wote wameegemea mti mmoja.

Kumjua mkopaji, basi, kunakupa habari za tabia yake, lakini hakukupi habari zozote za bei ya mwezi ujao. Hapo ndipo benki, pamoja na riba yake ya kubana, inapokupita: ina wakopaji Mwanza na Dar es Salaam, na mvua ya Rungwe haiwagusi. Tena amana yako benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2023. Kinga hiyo si mapambo. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi Njombe, jirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, na wakati huo kinga ilikuwa 1,500,000 tu. Kikoba hakina kinga hiyo, na SACCOS pia haina.

Basi ni wapi hapa nchini ambapo faida haikatwi kodi?

Mahali panapojulikana zaidi ni hati fungani za serikali za muda mrefu. Kwa miaka mingi riba yake imekuwa haikatwi kodi ya zuio, na mtu anaweza kuanza na shilingi 1,000,000 kwa kufungua akaunti ya hati fungani kupitia benki yake au wakala wa soko la hisa. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Hati ya miaka 25 iliyokuwa ikitoa asilimia 15.95 ilishushwa hadi 12.56 mwaka 2022. Kwa kiwango hicho cha chini, milioni moja inakuletea 62,800 kila miezi 6. Dirisha la pili ni vipande vya mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya serikali: Mfuko wa Umoja ulianza 2005, wa Ukwasi 2013, wa Hati Fungani 2019. Huko kiasi cha kuanzia ni kidogo sana kuliko milioni, anachopata mwekezaji hakikatwi kodi mkononi mwake, na akitaka kutoka anauza vipande vyake kwa mfuko wenyewe bila kumtafuta mnunuzi. Bei ya kipande inaweza kushuka, na hakuna anayekuahidi kiwango. Misamaha hii inatoka bungeni, na sheria ya fedha huguswa kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo uliza kabla ya kutia saini. Kenya walijaribu kuisogeza hati fungani hadi kwenye simu: mwaka 2017 walitoa M-Akiba kwa kuanzia shilingi 3,000 za Kenya, riba asilimia 10 bila kodi. Serikali ilitaka bilioni 1 katika toleo kubwa la mwaka huo ikapata kama robo. Watu wa kipato kidogo hawavutwi na msamaha wa kodi peke yake.

Uingereza nako kuna somo, tena lenye uchungu zaidi. Jukwaa la Lendy, lililokopesha fedha za watu wadogo kwa wajenzi wa majengo, lilianguka Mei 2019, na mfuko wa kuwafidia wenye amana haukuhusika kwa sababu mkopo si amana. Zopa wenyewe walifunga dirisha la kukopeshana mwishoni mwa 2021 wakabaki kuwa benki. Neno "bila kodi" liliwafanya baadhi ya watu waone mkopo wa hatari kama akiba, kwa kuwa ulivaa nguo ya akiba.

Ukituambia tupeleke fedha kwenye hati fungani, unaitoa Rungwe kwenda Dar es Salaam na Dodoma. Mkulima wa hapa atakopeshwa na nani?

Hili ni pingamizi zito kuliko yote, na sitalipaka rangi. Kila shilingi inayonunua hati fungani haipo sokoni Tukuyu kununua ndizi. Kama vikoba vyote vingefuata ushauri wangu hadi mwisho, wilaya ingebaki na akiba salama na biashara zilizodumaa. Ndiyo maana sisemi kikoba kifungwe. Mkopo wa miezi 3 wa kununua mbolea au mzigo wa viazi hakuna benki itakayoutoa kwa haraka na kwa gharama ndogo ya uendeshaji kama kikundi kinavyoutoa. Ninachokataa ni kikoba kugeuzwa hazina ya uzee, ya ada za chuo, ya kiwanja. Fedha ya kazi hiyo haitakiwi kutegemea parachichi lilelile linalokulisha. Tena mtu mwenye akiba nje ya wilaya ndiye anayeweza kuendelea kununua hisa mwaka ambao wenzake wamekwama, na mwaka huo ndipo mkopo unapohitajika zaidi. Gharama ipo: gawio la Desemba litakuwa dogo, na mwenzako aliyeweka kila kitu kikobani atakucheka miaka miwili mitatu mfululizo.

Kuna jamaa wanaahidi mara mbili ya fedha yako kwa miezi michache, wanasema nao ni kikundi cha kukopeshana.

Waulize wakopaji ni nani na wanauza nini. Mpango wa DECI ulijibu kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, serikali ikaufunga 2009, na 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani kwa kuendesha upatu. Sina la kuongeza.

Katiba ya kikoba chetu tunaiandika upya mwezi ujao. Tuweke nini?

Wekeni kwanza ukomo wa zao, ambao katiba nyingi hazina: kwa mfano, mikopo inayotegemea parachichi isizidi theluthi moja ya fedha iliyo nje kwa wakati mmoja, na chai vivyo hivyo. Mweka hazina aandike kwenye daftari, pembeni ya kila jina, fedha ya kurudisha itatoka wapi. Neno "biashara" lisikubaliwe kama jibu. Shusheni mkopo kutoka mara tatu ya hisa hadi mara mbili. Katika mfano wetu wa watu 25, watano wakishindwa kwa ukomo huo, wale 20 wanagawana 562,500 kila mmoja badala ya 437,500, yaani hisa zao zimerudi zote na riba kidogo juu yake. Kisajilini kikundi halmashauri kama sheria ya 2018 inavyotaka, ili mkifika mbele ya baraza kumdai aliyeshindwa kulipa muwe na karatasi. Na sehemu ya gawio, tuseme robo, katiba iseme inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya vipande ya kila mwanachama siku ileile ya kugawana, kabla fedha haijashikwa mkononi.